Mizani ya Pamba na Mizani ya Habari



Katika mikutano ya matawi tumeulizwa swali ambalo si la kupuuzwa. Wenzetu wengine, na hasa vijana, wasema: "Habari zote sasa zimo simuni. Bei imo, mvua imo, dawa ya mikarafuu imo. Basi Chama cha nini, jarida hili la nini, na ada twailipia kitu gani?" Swali limeulizwa kwa adabu, nasi twapenda kulijibu kwa adabu. Wala hatutasema kuwa simu ni kitu kibaya, maana si kweli. Tulisemalo ni kwamba habari ni kama gunia la karafuu: haitoshi kufikishwa mlangoni, yataka ipimwe, na anayeishika mizani ndiye anayepata faida.

Ili tusionekane twajitetea wenyewe, twende mbali kidogo, hata Mwanza na pwani ya Ziwa Viktoria, ambako watu hawaishi kwa karafuu. Tumekuchagua huko kwa sababu. Wavuvi wa ziwa lile huvua dagaa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, na kukicha dagaa huanikwa juu ya mchanga, juu ya mawe, au juu ya chanja. Mvua ikiwanyeshea kabla hawajakauka huharibika, na bei yao huwa ni bei ya chakula cha kuku. Nani kwetu asiyeijua huzuni hiyo? Karafuu jamvini na dagaa mchangani ni ndugu wawili mbele ya mvua. Tena mvuvi, kama sisi, huuza kitu kiendacho mbali. Katika soko la Kirumba Mwaloni, mjini Mwanza, hufika wanunuzi hata kutoka Kongo, Rwanda na Burundi, na mvuvi wa Ukerewe au Ukara yuko ng'ambo ya maji, hasikii wanavyopatana.

Kwanza tutaje habari ya zamani ya nchi hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zao kubwa la Usukuma lilikuwa pamba, na malalamiko makubwa ya wakulima yalikuwa juu ya mizani ya wanunuzi. Mizani ni chombo cha kutoa habari: humwambia mkulima ana ratili ngapi. Lakini chombo hicho kilikuwa mkononi mwa mnunuzi, na mkulima alisomewa uzito akauitikia. Wakulima wale hawakusema mizani itupwe. Walijiunga, wakaweka wapimaji wao wenyewe, ili kila mtu aujue uzito wa pamba yake kabla ya kuikabidhi. Katika juhudi hizo alitokea kijana mmoja, Paul Bomani, na mwaka 1955 vyama vyao vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Viktoria, ambalo lilikuja kuwa moja katika vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Jambo kubwa lile lilianzia katika jambo dogo, nalo ni kutaka kujua kwa hakika.

Sisi watu wa visiwani tuna mfano wetu pia. Waya wa simu wa chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879, ukitokea Aden. Kabla yake habari ya bei ililetwa na chombo au meli, na tajiri na mkulima wote walingoja. Baada yake habari iliweza kufika siku ile ile, lakini ililipiwa kwa hesabu ya maneno. Aliyeweza kulipa alijua bei ya ng'ambo mapema, na asiyeweza alibaki akingoja kuambiwa na yule yule anayemuuzia. Basi chombo kipya hakiwi cha watu wote kwa kuwa ni kipya tu. Huanza kumfaa yule ambaye tayari ana nguvu, mpaka wanyonge wajikusanye wakitumie kwa pamoja.

Sasa turudi ziwani, tuje katika zama hizi za simu za mkononi. Upande wa Kenya, mwaka 2009, taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi ilianza mpango wa kukusanya bei za samaki katika mialo, na mvuvi aliweza kuuliza kwa ujumbe mfupi wa simu akajibiwa bei ya mwalo mwingine. Hilo ni jema, na hata bila ya mpango wowote mvuvi mwenye simu humpigia ndugu yake aliye sokoni akamwuliza. Lakini wenye kuijua kazi ile wanaufahamu ugumu wake. Wavuvi wengi hukopeshwa nyavu, mashine na mafuta na mnunuzi, na sharti la mkopo ni kumuuzia yeye. Mtu wa namna hiyo hata akiijua bei ya soko kumi, hana pa kwenda. Habari imemfikia, uhuru haujamfikia. Na kwetu je, aliyeuza karafuu zake zingali mtini kwa kuwa alihitaji fedha ya kulipa wachumaji, simu itamfaa nini siku bei itakapopanda?

Habari iliyo na thamani kuliko bei ni habari ya hali ya hewa, maana bei hupoteza fedha, na tufani hupoteza roho. Ziwa Viktoria lina tabia yake. Usiku nchi kavu hupoa, na maji hubaki na joto. Upepo hutoka pande zote za nchi kavu ukakutana katikati ya ziwa, na hewa yenye unyevu hupanda juu ikawa mawingu ya radi. Kwa hiyo dhoruba kali hupenda kuja usiku na alfajiri, saa zile zile ambazo wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao.

Mwaka 2011, katika visiwa vya Kalangala upande wa Uganda, idara ya hali ya hewa ya nchi hiyo na wenziwe walijaribu kuwapelekea wavuvi utabiri kwa ujumbe wa simu, wakitumia rangi kuonyesha hatari. Kisha tangu mwaka 2017, chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, nchi zinazolizunguka ziwa zilishirikiana katika mpango wa miaka kadhaa wa kutoa tahadhari kwa watu wa ziwani. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ina rada Mwanza, chombo kinachoona mvua iliyo mbali, mahali ambapo jicho la nahodha halifiki.

Lakini rada haizungumzi na mvuvi. Yuko mvuvi asiye na simu, yuko mwenye simu iliyozimika, na yuko anayesoma maneno asijue kama yahusu pwani yake au ya mwenzake. Kwa hiyo ilionekana hapana budi utabiri upitie kwa watu: kwa redio, kwa viongozi wa vikundi vya wavuvi mialoni, kwa ubao wa matangazo, na kwa bendera inayotwekwa ufukweni ili hata asiyesoma aone. Tafadhalini mlizingatie jambo hili. Chombo cha hali ya juu kabisa, kilichogharimu fedha nyingi, mwisho wake kilihitaji mtu mmoja anayeaminiwa na wenzake, asimame mwaloni aseme, "Leo tusitoke." Yule ndiye mpimaji wa pamba, amerudi katika sura nyingine.

Tangu mwisho wa mwaka 2022 limezuka jambo jipya zaidi, nalo ni mashine za kujibu maswali, ambazo siku hizi zaitwa akili mnemba. Zamani katika intaneti uliuliza, ukaonyeshwa kurasa nyingi, ukachagua mwenyewe. Sasa waweza kuuliza kwa Kiswahili, ukajibiwa kwa Kiswahili, jibu moja, lililonyooka kama la mwalimu. Hili ni jambo la ajabu na lina manufaa, hasa kwa mtu ambaye Kiingereza kilimfungia mlango. Lakini mashine hiyo hujifunza kutokana na yaliyoandikwa. Katika mambo ya mikarafuu yetu, yaliyoandikwa kwa Kiswahili ni machache, na mengi yamo vichwani mwa wazee wetu. Pale isipokuwa na habari, mashine huweza kuunganisha maneno ikajibu kwa sauti ile ile ya kujiamini, na msikilizaji hana alama ya kutofautisha. Ukiiuliza bei, yaweza kukupa ya Indonesia, nchi ya kwanza kwa karafuu duniani, ambayo nyingi huzitumia yenyewe katika sigara zake. Bei hiyo ni ya fedha nyingine, daraja nyingine na soko lingine, nawe ukaja kugombana kituoni bure.

Na kabla ya mashine, kuna sisi wenyewe. Nani kati yetu hajapata kupokea katika kikundi cha WhatsApp sauti ya mtu asiyejulikana, ikisema kituo cha ununuzi kitafungwa kesho, au bei itashuka, uzeni upesi? Maneno kama hayo humfaa anayenunua kwa magendo usiku. Sisi tuliokaa chuoni tulifundishwa tangu utotoni kwamba mtu akikuletea habari, uichunguze kwanza, usije ukawadhuru watu kwa kutojua. Fundisho hilo ni la kale, na simu ya kupangusa haikulifuta.

Kwa hayo, maoni yetu ni haya. Kila tawi lichague mwanachama mmoja, mwanamume au mwanamke, anayesoma vyema na kuaminiwa, awe Mpima Habari. Wakati wa mavuno, kila asubuhi ausome utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, auandike ubaoni, na siku ya hatari ya mvua atweke kitambaa chekundu, ili mwenye kuanika ajue. Gharama ya simu yake ilipwe na ada zetu. Hiyo ni sehemu ya jibu kwa waliouliza ada ni ya nini.

Tena, bei yoyote isiaminiwe mpaka ijulikane mambo manne: nani kasema, siku gani, daraja gani, na mahali gani. Bei isiyo na manne hayo ni uvumi, hata ikija kwa simu ya fedha nyingi.

La tatu, wazee wetu waulizwe na maneno yao yaandikwe: namna ya kuotesha, kuchuma bila kuvunja matawi, kuanika, na kuijua karafuu iliyokauka kwa kuivunja. Tusipoandika sisi, mashine zitawafundisha wajukuu wetu kilimo chetu kwa maneno ya watu wasiopata kuuona mkarafuu.

La mwisho ndilo zito. Mfuko wa kuwakopesha wanachama fedha ya wachumaji utaletwa katika Mkutano Mkuu. Twawaomba mje kwa wingi mkaujadili, maana tumeona ziwani kwamba mwenye deni haifaidi habari.

Wakulima wa Mwanza hawakungoja mizani ijirekebishe yenyewe. Nasi tusingoje.

Katibu,
kwa niaba ya Halmashauri ya Chama