Barua ya wazi kwa Baraza la Jiomatiki la Afrika Kusini: kishoka anawatangulia

Waheshimiwa wajumbe,

Nawaandikia kutoka Isipingo, kusini mwa Durban, mtaa wa Wazulu, Wahindi na sisi tuliotoka Kivu, Bujumbura na Tanga. Sheria ya Taaluma ya Jiomatiki, namba 19 ya mwaka 2013, iliwakabidhi kazi ya kusajili wapima ardhi na kuwachukulia hatua wanaokiuka maadili. Huku kwetu mpima huyo tunamsikia tu. Anayebisha hodi ni kishoka, mpima asiyesajiliwa: tepu mkononi, kopo la rangi mfukoni, maneno mengi, bei ya chee.

Mafuriko ya Aprili 2022, yaliyoua watu zaidi ya 400 KwaZulu-Natal na kuzamisha hata kiwanda cha Toyota pale Prospecton, yalimpa kishoka soko. Bikoni, yaani alama ya mpaka, ni kipande cha nondo kilichopigwa usawa wa ardhi kwenye kona ya kiwanja. Tope la shibiri moja linatosha kukificha. Mtu akitaka kujenga ukuta anafuata seng'enge ya zamani, na seng'enge yenyewe aliyeiweka alikuwa anakwepa mwembe. Siku ya kuuza ndipo mchoro uliosajiliwa Pietermaritzburg unakataa kufanana na ukuta, na majirani waliokuwa wakipelekeana sahani za biriani hawasalimiani tena.

Nondo anayoipiga kishoka badala ya bikoni iliyopotea haina uzito wowote mbele ya Mpima Mkuu. Anayelipa hajui hilo, na wala hajui kwamba kung'oa bikoni ni kosa la jinai.

Mtajibu kwamba orodha ya waliosajiliwa iko wazi. Sawa, lakini nani ataitafuta kama hajui kwamba mpima husajiliwa? Tanzania tuna sheria ya kusajili wapima tangu 1977, na vishoka bado wanakula vizuri.

Basi leteni mpima mmoja Jumamosi pale Isipingo Rail, karibu na kituo cha teksi, watu wakiwa sokoni. Aje na bikoni aishikishe watu, aeleze namna ya kuhakiki usajili wake na malalamiko yanapelekwa wapi. Aseme pia, bila kuzunguka, gharama ya kurudisha bikoni moja hutegemea nini, maana bei ndiyo inayotupeleka kwa kishoka. Kipeperushi kiwe cha Kizulu kwanza. Cha Kiswahili tutakitafsiri wenyewe, bure.

Wenu,
Mkazi wa Isipingo