Kamera Ivutayo Mbali na Adabu ya Hodi



Juma hili twaandika juu ya kamera. Huenda wapo watakaostaajabu kuwa safu hii, ambayo aghlabu huzungumza juu ya malezi na unyumba, imeingia katika mambo ya vifaa. Lakini kila kiingiacho nyumbani huja na tabia yake, na tangu tuliponunua kamera ndogo ivutayo mbali, mwaka jana, majirani na wazazi wa wanafunzi wetu wametuuliza maswali matatu. Kwanza, ina faida gani ilhali kila mtu ana simu? Pili, yatumikaje hata picha ikatoka safi? Tatu, je, haina madhara? Tutayajibu kwa utaratibu huo, na la tatu ndilo zito kuliko yote.

Kamera yenyewe yaingia katika mfuko wa kanzu, na uzito wake hautimii gramu 300. Ikizimwa, lenzi yake hujikunja ndani. Ikiwashwa, hutoka nje kama shingo ya kobe. Hukuza mara 40. Wapiga picha husema lenzi hiyo yatoka milimita 24 hadi 960, na maana yake kwa lugha ya nyumbani ni hii: upande wa karibu, waweza kuipata sebule nzima pamoja na wageni wote waliomo, upande wa mbali, ukiwa umesimama Mama Ngina, waweza kulisoma jina la meli ambayo jicho tupu laiona kama kisanduku tu juu ya maji.

Kamera za namna hii si ngeni. Mwaka 2006 kampuni ya Panasonic ilitoa Lumix TZ1, kamera ya mfukoni iliyovuta mara 10, na kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo kubwa. Miaka iliyofuata zikaja za mara 20, kisha 30, hata 40. Baadaye simu zikazima soko la kamera ndogo, na leo nyingi zipatikanazo ni za mkono wa pili. Anayetaka kununua ya mkono wa pili na aiwashe na kuizima mara kadhaa, aisikilize lenzi kama yatoka na kurudi bila kukwaruza. Kisha apige picha ya ukuta mweupe au ya mbingu. Akiona madoa yasiyohama mahali pake, basi vumbi limeingia ndani, na kulitoa ni kazi ya fundi.

Sasa, simu na kamera hii zatofautiana wapi? Simu nyingi, unapovuta kwa vidole viwili, hukata kipande cha picha na kukitanua, kama mtu atanuaye kitambaa kidogo ili kitoshe kitanda kikubwa. Nyuzi haziongezeki, zaachana tu. Ziko simu zenye lenzi maalumu ya mbali, lakini uwezo wa kioo chake huishia mara chache. Kamera yetu husogeza vioo vyenyewe, hivyo yale yaliyo mbali huja na undani wake. Tahadhari tu: kwenye sanduku huandikwa namba mbili, moja ya kukuza kwa kioo na nyingine ya kukuza kwa hesabu ya kompyuta. Shika ile ya kwanza, hiyo ya pili ni kule kule kukata na kutanua.

Faida yake tumeiona katika mambo yenye manufaa. Pale Mida, karibu na Watamu, watoto waliwatazama ndege wahamao kutoka nchi za kaskazini wakila katika tope la mikoko, wala ndege hawakushtuka. Mji wa Kale wa Lamu tulizipiga picha nakshi za juu ya milango, zile ambazo mpita njia hazifikii kwa macho, na bibi ya watoto, ambaye magoti hayamruhusu tena safari ya jahazi, alizitazama kwenye televisheni mua kwa mua na kuwaeleza wajukuu milango ya aina ile ilivyokuwa ikichongwa. Na mwezi! Katika upande wa mbali kabisa, mwezi mpevu hujaza takriban thuluthi ya kimo cha picha, na mashimo yake huonekana waziwazi. Siri yake ni kupunguza mwanga, kwani kamera huiona mbingu nyeusi ikadhani ni giza tupu, ikaongeza mwanga hata mwezi ukawa kama sahani nyeupe isiyo na alama.

Wengi wametuuliza kuhusu mwezi mwandamo. Kwa uwezo wake wa mwisho, kamera hii huona upande wa mbingu usiozidi nyuzi 2 na kidogo, kwa hiyo asiyejua mwezi uliko atautafuta hata utue. Huanza mtu kwa kutazama pana, akishaujua mahali pake ndipo avute. Wala asiielekeze lenzi kwenye jua kabla halijazama, kwani vioo hukusanya miale na kuweza kukiunguza chombo. Ama hukumu ya kuutegemea mwezi ulioonekana kwa vyombo, wanazuoni wa zama zetu wamekhitalifiana, na kamera ya mtu mmoja haimpi ruhusa ya kuwatangazia watu sikukuu.

Swali la pili ni la matumizi. Kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera hii kina upana wa takriban milimita 6, hakizidi punje ya kunde. Tena, lenzi ikivutwa hadi mwisho, mwanga uingiao hupungua ukawa kama robo ya ule uingiao upande wa karibu. Ndiyo sababu picha za usiku, au za ndani ya chumba chenye taa hafifu, hutoka na chembechembe kama zilizomwagiwa mchanga. Katika hali hiyo simu nzuri huishinda kamera hii, na hatuoni haya kulisema. Dawa ni kutovuta: msogelee unayempiga picha, kwa idhini yake, na uiache lenzi upande wa karibu.

Mkono nao hutetemeka, na kadiri unavyovuta ndivyo mtetemeko unavyokua. Egemea ukuta, bana viwiko kifuani, au iweke kamera juu ya mto wa mchele, kisha itegeshe ijipige baada ya sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise. Na adhuhuri isikupotezee muda: hewa iliyo juu ya mabati na lami huchemka, na hakuna kioo kiwezacho kuituliza. Picha za mbali hupigwa asubuhi, kabla ya saa 3.

Kwetu pwani adui mkubwa ni mchanga, chumvi na unyevu. Lenzi itokayo na kurudi huvuta ndani chembe za mchanga, basi usiiwashe upepo ukivuma ufukweni. Ukirudi nyumbani, ipanguse kwa kitambaa kikavu na kilaini, na uihifadhi katika kopo lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyotiwa ndani ya masanduku ya viatu. Bila hivyo, kuvu huota juu ya kioo.

Tumefika kwenye swali la tatu. Mwisho wa Shaaban tulipanda juu ya sakafu ya nyumba yetu na watoto ili tuutazame mwezi. Siku ya pili yake jirani yetu wa nyumba ya mkabala, mama mzima mwenye mabinti watatu, alitundika turubali upande wake unaotuelekea, pale anapoanika nguo. Hakutamka neno. Mama watoto wetu alipokwenda kumjulia hali, alimwambia kwa upole, "Dada yangu, simshuku mtu. Nimesikia kamera yenu yafika mbali, na wanangu hupanda juu vichwa wazi."

Tulimwomba Mama watoto aichukue kamera, aende nayo akamwonyeshe jirani mwenyewe uwezo wake. Bibi yule alitazama kutoka kwake hadi kwetu, akauona ufa katika kigae chetu na namba zilizo kwenye tangi letu la maji. Akairudisha kamera, akasema, "Sasa nimejua. Turubali litabaki."

Neno hilo lilitufaa kuliko vitabu vya maelekezo. Mafundisho yetu yanasema kwamba kubisha hodi kumewekwa kwa ajili ya macho. Anayesimama mlangoni akachungulia kabla hajaruhusiwa ameshaingia, ingawa miguu yake iko nje. Sura ya An-Nur imetuamrisha kutaka idhini kabla ya kuingia nyumba zisizo zetu, kisha ikawataja wanaume mwanzo katika kuinamisha macho, na wanawake baada yao. Sura ya Al-Hujurat ikakataza upelelezi. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa kuta nene na madirisha ya juu ili kuihifadhi sitara hiyo. Lenzi ikuzayo mara 40 huuruka ukuta bila kupiga hodi, na aliye upande wa pili hajui kuwa ametembelewa.

Sheria ya nchi nayo iko upande wa bibi yule. Ibara ya 31 ya Katiba ya mwaka 2010 yampa kila mtu haki ya faragha, na mwaka 2019 Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data, ambayo picha ya mtu anayetambulikana ni miongoni mwa mambo iliyoyagusa. Lakini mzazi asingoje askari. Haya twayafanya nyumbani kwetu, na huenda yakawafaa.

Kamera haipandi tena juu ya sakafu. Mwezi twauangalia ufukweni, mahali ambapo mbele yetu ni bahari tu. Kijana hapewi kamera hadi aseme anakwenda kupiga picha ya nini. Mtu hapigwi kwa mbali asijue. Kama twataka picha yake, twamwendea na kumwomba. Na jioni kadi hufunguliwa mbele ya wote, kila mmoja akaonyesha alichokipiga. Utaratibu huu wa mwisho umekuwa burudani ya familia, na kijana ajuaye kuwa mama yake ataziona picha zake huchagua vizuri cha kupiga.

Kwa akina mama twaongeza moja juu ya kupamba. Kamera isiyounganishwa na intaneti, ikishikwa na mwanamke mwaminifu, ni salama kuliko simu 50 ukumbini, kwani picha zote hubaki katika kadi moja, na kadi hiyo akabidhiwe bi harusi au mamake kabla wageni hawajatawanyika. Hata hivyo, madirisha ya ukumbi yafungwe mapazia upande wa barabara na wa maghorofa ya jirani. Zamani tuliogopa mchunguliaji wa karibu. Sasa twapaswa kumhesabu na aliye mbali.

Basi anayeuliza kama anunue, twamjibu: ikiwa nyumbani kwenu mwapenda ndege, bahari, mwezi na majengo ya wazee, kamera hii itawapa furaha ya miaka. Kabla hamjaitoa kwenye sanduku, mwendeeni jirani wa mkabala mkamwonyeshe ifikavyo, kisha mwacheni aamue mwenyewe kuhusu turubali.

Wabillahi tawfiq.