MTOTO HATULII, MAMA ANALIA PEKE YAKE

Bismillahir Rahmanir Rahim.


Leo naanza kwa kujishitaki mwenyewe. Nikiwa nafundisha madrasa hapa Kharumwa, nilikuwa na mtoto mmoja hatulii. Dakika mbili kakaa, ya tatu yuko dirishani. Juzuu kaisahau nyumbani, zamu ya mwenzake anaidakia. Nilimchapa, hakubadilika. Mwisho nikamwambia mama yake, "Mwanao hafundishiki, kaa naye nyumbani." Yule mama hakunijibu. Alimshika mwanawe mkono, akaondoka. Mpaka leo namuomba Allah anisamehe.

Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba iko hali madaktari wanaiita ADHD. Mtoto hawezi kushika jambo moja kwa muda, hatulii, au anatenda kabla ya kufikiri. Ni namna ubongo wake unavyofanya kazi, na mara nyingi hali hii hurithiwa. Wasichana wengine hata hawarukiruki, wamekaa kimya lakini akili iko mbali. Si kila mtoto mtundu anayo, mtaalamu ndiye wa kupima. Lakini usikimbilie kusema ni majini, wala usimlaumu mama kwamba kashindwa kulea.

Sasa jiulize, mama huyu anaishi vipi hapa kwetu? Baba yuko machimboni, harudi mpaka wiki ziishe. Mtoto ukimpa mgongo kidogo, kashafika kwenye maduara. Shuleni mama anaitwa kila mara. Jirani anasema "huyo karogwa", hela ya unga inaishia kwa mganga. Akija naye msikitini, tunamkazia macho. Aende wapi?

Tazama mwendo wa Mtume wetu (s.a.w.). Katika Sahih Muslim, Anas (r.a.) anasimulia kwamba akiwa mtoto, Mtume alimtuma. Njiani akakuta watoto wanacheza sokoni, akasimama hapo. Mtume akamjia kwa nyuma, akamshika kisogo. Anas alipogeuka, akamwona anacheka! Akamuuliza kwa upole tu kama ameshakwenda alikotumwa. Sisi tungeshika fimbo. Na Mtume huyo huyo alikuwa akisikia mtoto analia, anafupisha swala kwa kumhurumia MAMA yake.

Maoni yangu ni haya: huruma ya moyoni haitoshi, wazazi hawa tuwakutanishe. Vikoba tunajua kuviendesha, hili litatushinda? Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wenye changamoto za ukuaji: vikao 9 vya kikundi, na kutembelewa nyumbani mara 3. Wataalamu wameona kwamba mzazi hujifunza akiwa na wazazi wenzake.

Anzeni hivi:

1. Wazazi watano wanatosha. Kutaneni mara mbili kwa mwezi baada ya Alasiri.
2. Kila mmoja aseme lililomshinda na lililomsaidia. Mtoto apewe agizo moja fupi kwa wakati, asifiwe akifanya vizuri, na ratiba isibadilike. Swala tano zinatufundisha ratiba.
3. Yanayosemwa kikaoni ni amana. Asitoke mtu nayo kisimani.
4. Mwalikeni mwalimu na mhudumu wa afya. Changieni nauli ya hospitali; Bugando, Mwanza, wapo wataalamu wa afya ya akili. Na msipeane dawa za mtoto wa mwenzenu.
5. Akina baba, njooni. Mtoto si wa mama peke yake.

Utaniambia, "Shekhe, siri ya nyumba haitoki nje." Kweli. Lakini kuomba msaada si kumwaibisha mtoto. Kumwaibisha ni kumfunga ndani. Allah ametuamrisha katika Suratul Maida, aya ya 2, tusaidiane katika wema, na hakusema iwe kwenye harusi na misiba tu.

Na wewe mama niliyekukosea, ukiusoma ujumbe huu, nisamehe. Mlango wa madrasa uko wazi. Mlete mwanao, safari hii tutakaa naye pamoja.

Ewe Mola wetu, wape subira wazazi hawa, wajaalie watoto wao wawe vitulizo vya macho yao, na utusamehe sisi tuliowafukuza. Amin.

Mfikishie mzazi mmoja ujumbe huu. Wabillahi tawfiq.