Simu ya dukani na usalama wa mtoto

Msomaji wa ukurasa huu amezoea kukuta hapa bei ya gunia la alizeti, hali ya vitunguu katika soko la Misuna na mwenendo wa kuku wa kienyeji wanaopakiwa kwenda Dar es Salaam. Wiki hii tunaomba nafasi tuzungumzie jambo lisilopimwa kwa debe wala kwa mizani, nalo ni usalama wa watoto wetu wanapotumia intaneti. Linamhusu mfanyabiashara wa Singida moja kwa moja, kwani mara nyingi simu anayochezea mtoto ndiyo hiyo hiyo ya biashara.

Tangu huduma za fedha kwa simu zianze nchini mwaka 2008, simu imekuwa droo ya mauzo, daftari la madeni na benki ya mwenye duka. Mchana inapokea malipo ya wateja. Jioni, hesabu zikishafungwa, inapita kwa watoto ili watazame katuni na kucheza michezo. Hakuna mwenye duka atakayemwachia mtoto wa darasa la tano ufunguo wa droo ya fedha usiku kucha. Simu anamwachia, na pengine hata namba ya siri mtoto anaijua, kwa sababu yeye ndiye anayetumwa kwa wakala kutoa fedha.

Kwa mujibu wa takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), laini zinazotumia intaneti nchini zilizidi milioni 35 mwishoni mwa mwaka 2023. Watoto wamo humo. Utafiti uitwao Disrupting Harm, uliofanywa na ECPAT, INTERPOL na UNICEF, na ripoti yake ya Tanzania kutolewa mwaka 2022, ulionyesha kuwa asilimia 67 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanatumia intaneti. Kati ya watumiaji hao, asilimia 4 walikumbwa na unyanyasaji wa kingono wa mtandaoni katika kipindi cha mwaka mmoja. Huyo ni mtoto mmoja katika kila 25. Kwa nchi nzima, watafiti walikadiria kuwa ni watoto wapatao 200,000. Aidha, mara nyingi anayemdhuru mtoto si mgeni wa mbali bali ni mtu ambaye mtoto anamfahamu.

Njia inayotumika ni nyepesi. Mtoto anatumiwa vocha au fedha kidogo na maneno matamu, kisha anaombwa picha. Akishatuma ya kwanza, anatishiwa kwamba itasambazwa shuleni na kwa wazazi asipotuma nyingine, au asipotuma fedha. Hapo ndipo salio la biashara nalo linapoanza kupungua bila maelezo.

Wazazi wengi wakisikia habari hizi huamua kunyang'anya simu. Kwa maoni yetu, adhabu hiyo inaongeza hasara. Kila mwenye duka anamjua muuzaji anayeogopa kufukuzwa. Siku ya kwanza anapungukiwa na shilingi 5,000, anaficha. Anakopa kwa jirani ili kuziba, anachezea hesabu, na mwisho wa mwezi upungufu umekuwa wa laki. Angesema siku ile ile, jambo lingekwisha kwa maneno mawili. Mtoto naye akijua kwamba akisema atachapwa na kunyang'anywa simu, atanyamaza, na anayemtisha anaishi kwa ukimya huo. Mzazi anapaswa kutamka mapema, kabla jambo halijatokea: ukitishwa au ukiombwa picha, njoo uniambie, hutapigwa.

Tena, kwa mfanyabiashara wa hapa, kupiga simu marufuku si rahisi. Mama anayesafirisha vitunguu au baba aliyefuata mzigo Mwanza hukaa njiani siku kadhaa, na watoto wamebaki na bibi yao Kiomboi au Manyoni. Simu ndiyo inayowaunganisha. Kwa hiyo hapana budi kuweka utaratibu.

Kwanza, tenganisha simu ya fedha na simu ya watoto, hata kama ya watoto ni ya bei ndogo. Asiyeweza kununua ya pili abadili namba ya siri na aache kumtuma mtoto kutoa fedha. Pili, piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukiona usiyoitambua, nenda kwa mtoa huduma wako. Tatu, kwenye simu za Android weka programu ya Family Link ya Google, ambayo haina malipo, na inamwezesha mzazi kupanga saa za matumizi na kuidhinisha programu zinazopakuliwa. Nne, simu ilale chumbani kwa mzazi.

Wauzaji wa simu, mawakala wa laini na wanaojaza filamu kwenye kadi za simu nao wana sehemu yao. Kumuuzia mtoto laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine ni kumpa mtu mwovu mahali pa kujificha. Kuchanganya filamu za watu wazima na katuni kwenye kadi moja ni sawa na kuuza mafuta ya kula kwenye galoni la dawa ya pamba. Vilevile, michezo ya kubahatisha ni kwa waliotimiza miaka 18, lakini laini ya mzazi iliyoachwa wazi inamruhusu mtoto kubeti kwa jina la mzazi.

Sheria ipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtoza anayechapisha picha za ngono za mtoto faini isiyopungua shilingi milioni 50, au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote viwili. Wenye makundi ya WhatsApp ya wafanyabiashara wazingatie hili: kusambaza picha ya namna hiyo, hata kwa nia ya kumsaka mhalifu, ni kumuumiza mtoto mara ya pili na kujitia mikononi mwa sheria. Yakitokea, tunza namba na ujumbe wa anayetisha, usimlipe, kisha nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo.

Wafanyabiashara wetu hufunga hesabu kila jioni bila kuchoka. Tunashauri waongeze dakika kumi za kumuuliza mtoto leo ameongea na nani kwenye simu, na wamsikilize mpaka amalize. Fedha iliyopotea hutafutwa msimu ujao, lakini mtoto aliyeumizwa hana msimu wa pili wa utoto.