Askari wetu wastaafu waandike riwaya, ripoti tunazo

Tangu wanajeshi wa Kenya wavuke mpaka kuingia Somalia Oktoba 2011, vijana waliokwenda mwanzo wamekuwa watu wazima na wengi wameshavua gwanda. Tunao mitaani humu humu, Likoni, Mtwapa, Malindi. Kahawa tunakunywa nao barazani, lakini ukigusia habari za kule, mazungumzo hugeuzwa yakawa ya mpira.

Simulizi rasmi tunayo. Mwaka 2014 jeshi lilitoa kitabu chake kuhusu Operesheni Linda Nchi. Kismayu ilitwaliwa Septemba 2012, kwa mashambulizi yaliyotoka pia baharini, na hayo yanajulikana. Kisha ikaja El Adde, Januari 2016. Rais wa Somalia wakati huo alisema wanajeshi wetu waliouawa ni kati ya 180 na 200, jeshi likakana, na familia zikabaki zinahesabu majeneza. Ripoti haiwezi kueleza usiku wa namna ile. Naona hadithi ya kubuni inaweza, na ushahidi wa hilo uko kwa waliotutangulia.

Chukua vita vya Vietnam. Tim O'Brien, Mmarekani, aliandikishwa jeshini mwaka 1968 bila kupenda. Aliporudi aliandika kwanza kumbukumbu zake, zikachapishwa 1973. Kisha akairudia vita ile ile kwa kubuni, mara ya kwanza 1978, halafu 1990 katika The Things They Carried. Humo msimulizi ana jina lake mwenyewe, na anaeleza kwa kirefu mtu aliyemuua kwa bomu la mkono. Kurasa za mbele anasema hakumuua. Msomaji anakasirika kidogo (mimi nilikasirika), halafu anafahamu: anayotaka kutufikishia ni hofu na aibu aliyobeba, na hizo hazikuingia kwenye orodha ya matukio.

Upande wa pili wa bunduki alikuwako Bao Ninh. Alikwenda vitani mwaka 1969 akiwa na miaka 17, katika kikosi cha vijana 500, wakasalimika kumi. Riwaya yake, The Sorrow of War kwa Kiingereza, ina askari anayeokota mifupa ya wenzake baada ya vita. Nchi yake ilikuwa imeshinda, na wakubwa hawakupenda kuambiwa kuwa mshindi naye halali usiku. Wawili hawa walipigana katika vita vimoja, na vitabu vyao vinasomeka kama vya ndugu.

Sisi Waswahili si wageni wa maneno ya vita. Muyaka alizitungia mashairi vita za Mombasa, na Hemedi bin Abdallah el-Buhriy akatunga utenzi wa Wadachi kuitamalaki Mrima. Lakini utenzi wa vita ni sauti ya mji mzima. Yule mmoja anayeshtuka usingizini mlango ukibamizwa, mkewe akinyamaza kando yake, anahitaji chombo kingine.

Tumeshapoteza vya kutosha. Februari 1944 meli Khedive Ismail iling'oa nanga Kilindini ikielekea Colombo, imepakia askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Tarehe 12 manowari ya Wajapani ikaizamisha karibu na Maldives, wakafa watu 1,297. Imetoka bandarini petu, nasi hatuna hadithi ya kumsomea mtoto kuhusu aliyenusurika akarudi.

Vizuizi vipo. Kuna kiapo, kuna Sheria ya Siri za Serikali, na kubadilisha majina peke yake si kinga ikiwa kamanda anatambulika kwa kila sentensi. Mwandishi abadilishe kambi, mwaka, hata cheo, na mipango ya jeshi aiache nje kabisa. Hadithi haitapungua kitu, kwani haikuwa juu ya mipango.

Kuna jambo ambalo askari wa Pwani pekee anaweza kuliandika. Aliposhika doria Kismayu au Ras Kamboni, alikutana na Wabajuni, wenye jamaa Lamu, Faza na Kiunga. Alimsimamisha mzee kizuizini, mzee akamjibu kwa lugha ya nyumbani. Akimwandika mzee huyo kama mtu, na si kama kivuli cha adui, atakuwa ametufanyia wema ambao hotuba za Nairobi hazijaufanya.

Asiyeweza kuandika na asimulie, mwanawe au mpwa wake arekodi kwenye simu. Baba yake Biyi Bandele, Mnaijeria, alipigana Burma, pamoja na maelfu ya askari wa kwetu waliopelekwa huko. Mtoto alikua akisikia habari zile nyumbani, na mwaka 2007 akatoa riwaya, Burma Boy.