Mchezo wa "Ni Nani Huyo?" Ndio Unaowafunga Mdomo

Kila baada ya miezi kadhaa ubuyu ule ule unarudi mitandaoni: staa wa Ligi Kuu ya Uingereza yuko mbioni kujitangaza kuwa ni mpenzi wa jinsia moja. Jina hakuna, klabu haitajwi. Kinachofuata wadau wanakijua. Komenti zinafurika, watu wanatagiana picha. Mmoja anasema ni yule anayebadilisha rangi ya nywele kila wiki, mwingine anasema ni yule ambaye hajawahi kuonekana na demu. Ndani ya saa chache wameshatajwa wachezaji kumi, na hakuna hata mmoja wao aliyefungua mdomo.

Wengi wanaona ni utani tu. Kumbe huo utani ni moja ya sababu kubwa za huyo anayetafutwa kubaki kimya.

Ligi hiyo ilianza 1992. Imepita misimu zaidi ya 30, wamepita wachezaji maelfu, na hakuna aliyejitangaza akiwa bado anacheza humo. Thomas Hitzlsperger, Mjerumani aliyechezea Aston Villa na West Ham, alistaafu kwanza 2013, ndipo akasema Januari 2014. Anayeamini kwamba hawapo kabisa anajidanganya. Wapo, ila wamepiga hesabu wakaona haziwalipi.

Hesabu hizo zinaanzia kwa Justin Fashanu. Huyu ndiye mchezaji mweusi wa kwanza Uingereza kuuzwa kwa pauni milioni 1, alipohamia Nottingham Forest 1981. Mwaka 1990 alijitangaza kupitia gazeti la The Sun. Majukwaani akazomewa, na mdogo wake John, naye mchezaji, akamkana hadharani. Mwaka 1998 Justin alijiua mjini London akiwa na miaka 37. Kifo chake kina mengi ndani yake, zikiwemo tuhuma nzito zilizokuwa zikimkabili Marekani. Ila wachezaji waliofuata walibaki na somo moja tu: ukisema, umekwisha.

Ikachukua miaka 32. Mei 2022 kijana wa miaka 17 wa Blackpool, Jake Daniels, akavunja ukimya huo. Alisimulia kwamba siku moja tu baada ya kuwaambia mama na dada yake, aliingia uwanjani na timu ya vijana akapiga mabao manne. Mabao manne! Hapo ndipo mtu anaona mzigo wa kuficha ulivyo mzito. Mchezaji anayekagua kila neno analosema kwenye chumba cha kubadilishia nguo anacheza na gunia la mchanga mgongoni.

Wapo wanaosema mchezaji wa hivyo ataivunja timu. Waulizwe Los Angeles Galaxy. Robbie Rogers alijitangaza Februari 2013 na kuacha soka siku hiyo hiyo, akiwa na miaka 25, kwa kuamini haviendi pamoja. Miezi michache baadaye akarudi uwanjani na Galaxy, na 2014 timu ikabeba ubingwa wa Marekani yeye akiwemo. Kwa wanawake ndiyo usiseme. Megan Rapinoe alijitangaza 2012, na 2019 akatwaa Kombe la Dunia, Mpira wa Dhahabu na Kiatu cha Dhahabu. Hakuna timu iliyovunjika.

Hoja nyingine ndiyo maarufu zaidi: mambo ya chumbani yabaki chumbani, kwa nini mtu ajitangaze? Sawa, lakini mbona mwenzake akifunga bao anabusu pete ya ndoa? Mbona kombe likichukuliwa mke na watoto wanashuka uwanjani kupiga picha? Hayo hakuna anayeyaita mambo ya chumbani. Anayejitangaza mara nyingi anataka kitu hicho hicho, kuishi bila kutunga hadithi kila Jumatatu kuhusu wikiendi aliyokuwa nayo.

Na hata akijitangaza, kelele haziishi. Josh Cavallo wa Adelaide United alisema Oktoba 2021. Miezi michache baadaye mashabiki wa Melbourne Victory wakamtukana uwanjani, na klabu yao ikapigwa faini. Amesema pia kwamba hupokea vitisho vya kuuawa. Yaani vyumba vya wachezaji vinabadilika haraka kuliko majukwaa na komenti.

Julai 2019 akaunti moja ya Twitter isiyo na jina ilidai kuwa ya mchezaji wa Championship, ikaahidi siku ya kujitaja. Wafuasi wakamiminika, na kazi ikawa moja: kubahatisha. Mwishowe akaunti ikafutwa bila jina kutajwa. Wengi walisema ni feki, na huenda kweli. Lakini kama kulikuwa na kijana halisi nyuma ya ile skrini, basi alisoma kila komenti, akarudi gizani.

Mchezo huu hauishii kwa mastaa wa Ulaya. Wanaobahatisha kuhusu winga wa London kesho wanahamia kwa beki wa ligi ya nyumbani, na huko si utani tena. Kenya sheria inataja kifungo cha hadi miaka 14, Tanzania hadi maisha. Mchezaji wa Ulaya akitajwa ana wakala, wanasheria na walinzi. Huyu wa Dar au Mombasa ana simu yake tu, na mama yake anayesikia habari kwa jirani. Iwe ni kweli au si kweli, jina likishapita kwenye magrupu ya WhatsApp halirudi.

Hakuna anayetakiwa kuacha dini yake au msimamo wake. Mtu anaweza kubaki na vyote viwili na bado akaacha kidole chake kisiandike jina la mtoto wa mwenzie chini ya posti ya umbea. Atakayetaka kusema atasema mwenyewe, kwa jina lake, siku yake. Asiyetaka aachwe acheze mpira.