Kabla ya Kumwita Fundi, Ita Mashahidi



Kwenye duka langu la kushonea hapa Mwanakwerekwe, siku hizi wateja hawaji na vitambaa tu. Wanakuja na picha za nyumba. Bi harusi ananyoosha mkono mmoja nimpime gauni la ndoa, mkono wa pili unasaka simu: "Hebu tazama dada, ukumbi ulikuwa hivi, sasa upo hivi." Aliyekaa kwenye benchi kusubiri zamu yake naye anatoa zake. Mmoja kabadilisha bati, mwengine kaweka vigae mpaka uwani, wa tatu kavunja jiko la zamani lote. Hapo darasa linaanza: fundi gani mwaminifu, saruji imefika bei gani, mchanga umekuwa kama dhahabu. Mimi nasikiliza huku mguu upo kwenye cherehani.

Nayapenda mazungumzo yale, na mengi ninayoyajua nimeyapata pale. Lakini kuna jambo moja hatusimuliani. Picha zote zinaonyesha nyumba kabla na baada. Hakuna picha inayoonyesha nyumba ni ya nani, na pesa zilitoka kwa nani.

Basi maoni yangu ni haya, na najua yatawaudhi baadhi yenu: mwanamke asitie hata mfuko mmoja wa saruji kwenye nyumba isiyokuwa yake mpaka iandikwe, mbele ya mashahidi, kwamba pesa ile ni zawadi, ni deni, au ni hisa yake ndani ya nyumba. Usinikatize dada yangu. Soma mpaka mwisho kwanza.

Nianze na yangu.

Niliolewa nikiwa na miaka 23, tukakaa kwa mavyaa wangu Kikwajuni. Mwenyezi Mungu amrehemu, alinipenda na mimi nikampenda. Nyumba ilikuwa ya zamani, kuta za mawe na udongo zilizopigwa chokaa, bati limeliwa na kutu. Mvua za masika zikianza tunapanga ndoo ukumbini. Mimi nilikuwa tayari nashona, nacheza kibati na wanawake wenzangu. Zamu yangu ilipofika nikapata kitita kizuri, nikaongezea kwa kuuza mkufu mmoja wa mahari yangu. Mume wangu akaniambia, "Hii ni nyumba yetu sote." Tukamwita fundi.

Kosa la kwanza lilikuwa la kwenye ukuta. Nilitaka ukuta laini unaong'aa kama ninaouona kwenye picha za watu. Fundi akabandua chokaa yote, akapiga plasta ya saruji na juu yake rangi ya mafuta. Tukapendeza kweli, majirani wakaja kutazama. Masika yaliyofuata ukuta ukaanza kutoka malengelenge. Mara chumvi nyeupe, mara plasta inaanguka mapande mapande juu ya kitanda.

Mzee mmoja fundi wa chokaa alinieleza kisa chake. Ukuta wa mawe na udongo unavuta unyevu kutoka chini, na lazima upate pa kuutolea. Chokaa inauachia njia. Saruji na rangi ya mafuta vinaufungia ndani, nao unabaki kuula ule udongo ulioshika mawe. Ikabidi tubandue tena, tupige chokaa iliyolowekwa vizuri, tupake na chokaa nyeupe juu. Kazi moja nikailipa mara mbili.

Nyumba ya zamani haina mchezo. Sote tunakumbuka Beit el Ajaib, jumba lililojengwa 1883 enzi za Sultani Barghash. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake iliporomoka nalo likiwa kwenye matengenezo, na roho za watu zikapotea. Likiwa jumba kama lile limeanguka, seuze nyumba yetu ya Kikwajuni? Kwa hiyo shoga yangu, ikiwa nyumba yenu ni ya mawe na chokaa, mtafute fundi anayeijua chokaa, na usivunje ukuta kwa sababu tu umeona sebule pana kwenye simu.

Lakini hilo la saruji lilipata dawa. La pili halikupata.

Miaka 6 baada ya matengenezo, mavyaa alifariki. Baba mkwe alikuwa ameshatangulia. Waliobaki ni watoto 4, wanaume 2 na wanawake 2. Mirathi ikapigwa kama tunavyojua: mafungu 6, kila mwanamume mafungu 2, kila mwanamke fungu 1. Mimi mke wa mtoto si mrithi wa mavyaa wangu. Sina neno juu ya hilo, ndiyo hukumu ya Mwenyezi Mungu na nimeridhika nayo.

Warithi wakaamua nyumba iuzwe. Mimi nikasema, basi kwanza nirejesheeni pesa nilizotia. Sheikh aliyekuwa akitugawia akaniuliza kwa upole, "Binti yangu, una karatasi? Una mashahidi?" Karatasi sina. Mashahidi sina. Risiti za saruji na bati nilizitupa zamani. Mume wangu alikiri mbele ya wote kwamba nilitoa, lakini kukiri kwake hakukuweza kuwafunga ndugu zake. Wifi yangu akaniambia, "Wifi, sisi tulijua umemtengenezea mama kwa mapenzi."

Hakusema kwa ubaya. Na ukweli ni kwamba hakuna aliyewahi kumwambia vyengine. Hata mama mwenyewe sikuwahi kumwambia kwamba ni deni. Mimi nafsi yangu, siku ile naitoa pesa, sikujua naitoa kama nini. Zawadi? Mkopo? Nilitoa tu. Kosa langu ndilo hilo, na sitamtupia mtu mwengine.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba dini yangu ilikuwa imeshanifungulia mlango, nikaupita. Mtu akifa, deni lake hulipwa kwanza, ndipo warithi wagawane. Ningekuwa na karatasi moja yenye sahihi ya mama, basi kabla ya fungu la mtu yeyote ningelipwa mimi. Mume wangu alinirejeshea kidogo kidogo kutoka fungu lake, Allah amlipe kheri. Lakini nyinyi mnajua kama mimi, si kila mwanamke ana mume wa namna hiyo.

Nilipoanza kulisema jambo hili dukani, midomo ikafunguka. Dada mmoja wa Fuoni alijenga na mumewe kwenye uwanja wa baba mkwe. Yeye alinunua vigae vyote, dari, milango na masinki. Walipoachana aliondoka na kitanda, kabati na vyombo vyake, kwani hivyo kila mtu alijua ni vyake. Vigae havibebeki. Mpaka leo akipita njia ile hugeuza uso upande wa pili.

Mwengine anatoka Wete. Yeye alitengeneza nyumba ya kaka yake kwa pesa zake za karafuu. Lakini kabla ya kutoa hata senti, baba yao mdogo alileta daftari la skuli. Wakaandika kiasi, tarehe na maneno "ni mkopo", wakaweka sahihi wote wawili na mashahidi. Kaka akaoa, mke akaja, watoto wakazaliwa, deni likalipwa karafuu baada ya karafuu. Hakuna ugomvi. Dada huyo mpaka leo anakwenda kwa wifi yake kula futari. Daftari lile la bei ndogo ndilo lililoulinda udugu wao.

Sasa najua mtaniambia nini, kwani nimeshaambiwa.

Wa kwanza atasema, kumwandikisha mume ni kumshuku. Dada yangu, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile ya 282 katika Suratul Baqara, na inazungumzia kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Inawaita walioamini. Inatuhimiza tusichoke kuandika, deni likiwa dogo au kubwa. Kuandika hakukuwekwa kwa ajili ya maadui tu. Mimi kabla sijagusa mkasi, huandika vipimo vya mteja na bei kwenye daftari, nikamwonyesha. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia namshuku. Wanaona najua kazi.

Wa pili atasema, mbona Bibi Khadija, Mwenyezi Mungu amridhie, alitoa mali yake yote kwa mumewe? Kweli alitoa. Lakini alikuwa mfanyabiashara anayeijua mali yake, na alipotoa alijua anatoa. Na Zaynab, mke wa Abdullah bin Mas'ud, alipouliza kuhusu kumpa mumewe, Mtume (s.a.w.) alimjulisha kwamba ana ujira mara mbili, wa udugu na wa sadaka. Hebu litazame vizuri neno hilo. Imeitwa sadaka. Pesa ingekuwa tayari ni ya mume, ingekuwaje sadaka? Kwa hiyo ukitaka kutoa, toa, na ujira wako upo kwa Allah. Lakini uwe umenuia zawadi, useme ni zawadi, na usije kuidai siku mkikasirikiana. Na usipotaka kutoa, usione haya. Mali ya mke ni yake, na nyumba ya kukaa mke ni wajibu wa mume.

Wa tatu atasema, "Mimi sina makuu, nimepaka rangi tu." Mimi pia nilianza na rangi. Rangi huita vigae, vigae huita dari, dari huita bati. Wahenga walisema mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Mimi imenipotea, na habari yenyewe ndiyo hii ninayokupeni.

Basi fanya hivi. Chukua karatasi, andika tarehe, jina la mwenye nyumba, jina lako, kazi inayofanywa na kiasi unachotoa. Kisha andika neno moja bila kuzunguka: zawadi, mkopo, au hisa. Ikiwa ni mkopo, utalipwa vipi na lini. Ikiwa ni hisa, ni fungu gani la nyumba, na hapo usiishie kwenye daftari, nenda kwa wakili. Wekeni sahihi, mashahidi nao waweke, kila mmoja akae na nakala yake. Mkiweza, piteni kwa sheha. Risiti zote tia kwenye bahasha moja, usizitupe kama mimi. Kazi ikiongezeka, karatasi nayo iongezwe.

Na ikiwa nyumba ni ya marehemu na haijarithiwa, usipigilie hata msumari. Kwanza mirathi ipigwe, kila mtu ajue fungu lake, au warithi wote waweke sahihi. Nyumba ya namna hiyo ina wenyewe wengi, na ukiandikiana na mmoja hujaandikiana na wengine.

Ukishamaliza hayo, ndipo umwite fundi. Anza na bati, kisha mabomba na njia za maji, kisha kuta, vya kupendezesha viwe mwisho. Dari nzuri chini ya bati bovu ni pesa umezining'iniza zisubiri mvua. Vifaa nunua mwenyewe, na fundi mlipe kwa hatua, kazi ikikamilika kipande ndipo kipande cha pesa kitoke.

Nyinyi mabibi harusi wangu, mnakuja dukani mmejaa furaha na mimi nafurahi nanyi. Mnaniuliza nguo ya siku ya harusi iwe rangi gani, shela iwe ndefu kiasi gani. Siku hizi na mimi nina swali langu kabla sijachukua utepe: chumba mnachokitengeneza kipo nyumba ya nani? Wengi hucheka. Wiki iliyopita mmoja hakucheka. Alikaa kimya, kisha akasema mahari yake yote imeingia kwenye chumba cha uwani kwa wakwe, na hakuna kilichoandikwa. Nikampa daftari jipya kutoka kwenye droo yangu, nikamwambia ampelekee mchumba wake kabla ya siku ya kufunga ndoa, waliandike pamoja wakiwa bado wanacheka.

Jana alirudi kujaribu gauni. Daftari limeandikwa, na mwanamume ndiye aliyetafuta mashahidi. Gauni limemkaa vizuri kweli.

Allah azitie baraka nyumba zetu na mali zetu, na atulinde na ugomvi wa ndugu. Amin.